Chungu cha Bibi Opal

Kambi ya Ojo Frío, Juni 8

Kwako Dada Darlene,

Salamu nyingi. Nyonga yako inaendeleaje? Natumaini daktari amekuruhusu kuliacha lile gongo la kutembelea japo ndani ya nyumba, na kwamba jirani bado anakuletea maziwa bila kukaa kusimulia. Mimi ni mzima, kadiri mtu wa miaka hamsini na tatu anavyoweza kuwa mzima mahali ambapo hata chooni kunapandwa mlima.

Nimefika. Mabasi ya shule niliyoendesha Pueblo yalikuwa na gia ya kupandia. Mwili huu hauna. Lori linatuacha chini bondeni, na kutoka hapo ni miguu tu. Vijana niliopanda nao walikuwa wakiimba, Darlene. Wanapanda na wanaimba. Mimi nilivuma kama mivukuto ya mhunzi, wakadhani ninawaitikia.

Kabla ya kupanda, kila mtu hupekuliwa shanta. Wanatandika turubai, unamwaga ulivyonavyo, na kiongozi wa njia anaamua kipi kinapanda na kipi kinabaki. Wangu aliitwa Marisela, msichana wa Kansas, mwenye mswaki uliokatwa mpini ili usimlemee. Alinitolea mto. Akatoa redio na ndara. Akayainua yale makopo ya pichi uliyonipa, akauliza, "Mzee, haya unampelekea nani?" Nikamwambia kuna mtu huko juu ana chungu changu. Akasema pichi huko zipo, mkuu wa kambi anazo tele. Kisha akanitazama kitambi. "Na hiki?" Nikamwambia hicho kimeshonewa ndani. Tangu siku hiyo naitwa Mzee Basi, na siwezi kusema sikustahili.

Sasa yule mtu, ambaye ndiye mkuu wa kambi mwenyewe. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, nywele nyeupe, meno bado ni yake. Nilidhani atajificha. Alinikumbatia mbele ya kambi nzima na kuniita shemeji kwa sauti ya kusikika na kulungu. Akaniuliza kama nimekuja kumpeleleza au kumsaidia. Nikasema nimekuja kupunguza mwili. "Basi umefika kwa fundi," akasema, na vijana wakacheka, maana vijana hawa Royce Tanner akipiga chafya wanacheka.

Na nimekiona chungu chetu cha chuma, na miguu yake yote. Kipo juu ya kigogo kando ya mlango, kinang'aa kwa mafuta. Ule mguu mfupi, tangu Mjomba Vern alipokiangusha ngazini, kauwekea kijiwe bapa, vilevile kama Bibi. Niliugusa mfuniko. Sikusema neno. Wewe ungesema, na ndiyo maana Mungu alikuweka nyumbani kwa nyonga.

Mdogo wako,
Lyle


La Junta, Juni 15

Lyle mdogo wangu,

Salamu zimefika. Nyonga inapona, ulimi haukuwahi kuumwa. Jirani analeta maziwa na anakaa kusimulia. Nimemwambia kuhusu chungu, sasa hata yeye hapati usingizi.

Kwa hiyo alikukumbatia. Nawe ukasimama kama gunia, nakujua. Huruma yako ni siagi, ikiona jua inayeyuka. Hebu nikurudishe kwenye baridi kidogo.

Wiki ile nilipokuwa hospitalini na Mama, nikilala kwenye kiti, Royce alirudisha pikapu nyuma hadi mlangoni mwangu na kupakia. Televisheni, sawa. Matandiko ya farasi, sawa, yalikuwa yake. Mwanamke wa Raton alikuwa akimngoja, sawa pia, namwombea subira yule mama. Lakini akaingia jikoni kwangu akachukua chungu cha Bibi Opal. Nilipompigia simu alisema nini? Nakuandikia maneno yake kwa sababu nayasikia kila nikiwasha jiko. "Darlene, chuma ni chuma. Nenda dukani ukanunue kingine."

Mama alikufa Alhamisi ile. Waliokuja msibani walikula vya kununua.

Wewe na mimi tumekua na ule mkono, Lyle. Nyumba inaungua, Bibi anatoka miguu mitupu, kasahau viatu, kasahau picha za arusi, kashika chungu kwa kiganja kitupu kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikilisha watu saba. Lile kovu lililokuwa likikukwaruza shavu ukiwa mtoto, hilo ndilo chuma ni chuma.

Nisikilize basi. Usikiibe. Ukikiiba, yeye ndiye atakuwa ameibiwa, na atapata hadithi nyingine ya kuwasimulia hao watoto. Nataka akitoe kwa mkono wake, mbele ya watu wanaompenda, na wajue kwa nini. Tafuta njia. Ukishindwa, uwe umepungua kweli, maana sitakuwa na chakula cha kukupa.

Dada yako,
Darlene


Kambi ya Ojo Frío, Juni 27

Kwako Dada,

Habari za huko? Mvua imeshanyesha au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Sisi radi hutupigia kila alasiri kama kengele ya shule, na kila mtu anajikunja chini ya miti mifupi kuomba msamaha wa dhambi za asubuhi. Afya ninayo. Visigino sina.

Nimepewa kazi ya kuongoza punda. Anaitwa Seneta, na kama maseneta wengine hatembei mpaka apewe sababu. Kambi yetu ina matawi mawili ya juu zaidi, na mimi na Seneta tunapeleka chakula kikavu, viazi, mafuta ya taa, na, shikilia kiti, chungu. Makundi ya watembezi, yale yanayotoka majimbo yote na shanta zao, yakifika usiku wao wa mwisho milimani hupikiwa pichi za kuoka. Kwa siku nyingi wamekula vitu vya kumwagiwa maji ya moto, kwa hiyo wanalia. Nimeona wanaume wenye ndevu wakilamba mfuniko.

Royce anapika vizuri, acha niseme ukweli. Makaa chini, makaa juu, anakizungusha chungu huku na mfuniko kule, sawasawa kama alivyofundishwa. Halafu anawaambia ni chungu cha bibi yake. Bibi Tanner, aliyetoka Kansas ile miaka ya ukame na dhoruba za vumbi, chungu mapajani. Nilikuwa nimeshika bakuli. Alinitazama juu ya moto, akanikonyeza. "Shemeji," akasema, "ongeza makaa."

Nikaongeza makaa. Usinitukane bado.

Kuna desturi hapa nilitaka kukusimulia, maana ungeicheka. Kila jioni jua likiwa bado juu ya vilele na sahani zikishaoshwa, watu hukaa duara, na kila mmoja husema waridi lake, mwiba wake na tumba lake. Waridi ni jema la siku. Mwiba ni lililokuchoma. Tumba, ua ambalo halijachanua, ni unachokitumainia kesho. Sheria ni mbili, na Royce ndiye huzisoma kwa kila kundi kama mchungaji. Hakuna anayeruka zamu. Na mwiba haujibiwi. Mtu akisema kilichomchoma, wengine mnanyamaza, hata kama mchomaji ni wewe. Huruhusiwi kujitetea, kueleza, wala kukohoa kwa maana. Nimeona kijana akimsema baba yake mzazi aliyekuwa amekaa pembeni yake, na baba akatazama viatu vyake hadi zamu ikapita. Mimi siku ya kwanza waridi langu lilikuwa kufika, mwiba wangu ulikuwa kufika, na tumba langu lilikuwa lori.

Sasa habari mbaya, nimeiweka mwisho kama mwoga. Huu ni msimu wa mwisho wa Royce. Jioni ya kufunga kambi, mwezi wa nane, meneja wa ranchi yenye kambi hii, Bi. Haverford, atapanda mwenyewe na kibao cha shaba. Chungu kinashushwa makumbusho ya ranchi, ndani ya kioo. Marisela amekiona kibao ofisini. Kimeandikwa kuwa ni chungu cha bibi yake Royce Tanner.

Mdogo wako mwenye plasta,
Lyle


La Junta, Julai 3

Lyle,

Hujambo. Sijambo. Nyonga hiyo hiyo.

Rudia hapo uliposema haujibiwi.

Nimekaa na barua yako tangu asubuhi. Jirani ameisoma pia, kwa sauti, mara mbili, kisha akasema, "Huyo mtu amejichimbia shimo, na kila jioni analifagia." Kumbe mwanamke yule ana akili, ni maziwa tu yaliyokuwa yakimziba.

Kwa miaka yote ile ya ndoa sikuwahi kummalizia Royce sentensi moja. Unamjua. Ukimwambia umeumia, anakuonyesha pale alipoumia zaidi. Ukilia, anakuchekesha. Ukiacha kulia, anasema unaona, si jambo kubwa. Hata hakimu wa talaka yetu alitoka akimpiga bega. Sasa unaniambia kuna duara moja duniani ambamo mtu huyo lazima afunge mdomo, na kalichora mwenyewe.

Jioni ya kufunga. Meneja yupo, kibao kipo, vijana wake wote wapo. Zamu yako ikifika, mwiba wako ni chungu cha Bibi Opal. Sema jina lake lote. Sema hospitali. Sema chuma ni chuma. Kisha kaa chini.

Usimwonye. Usimpe nafasi ya kuwa mzuri kwanza.

Dada yako


La Junta, Julai 24

Lyle,

Salamu. Hii ni barua ya pili tangu nilipopata yako. Lori la chakula linapanda huko kila wiki na linashuka kila wiki, nimempigia mama wa posta ya ranchi akanihakikishia. Kwa hiyo hujafa, maana wangeniletea mwili, na mwili wako si wa kupotea njiani.

Kimya chako nakijua tangu ulipokuwa mdogo. Ukivunja kitu unaongea. Ukipewa peremende na mtu ambaye dada yako kakukataza, ndipo unanyamaza.

Amekupa nini?

Darlene


Kambi ya Ojo Frío, Julai 29

Kwako Dada,

Nakusalimu kwa heshima na kwa kichwa kilichoinama. Natumaini nyonga inakubeba. Mimi sasa natembea vizuri, na hapo ndipo hadithi ilipo.

Wiki ile barua yako ya Julai 3 ilipofika, visigino vyangu vilikuwa vimechunika hadi nyama. Sikusema, kwa sababu vijana hawa wanatembea na vidonda kama mapambo. Seneta alisimama njiani, akanitazama nyuma, na hata yeye alinionea huruma. Royce ndiye aliyeniona nikichechemea. Alinikalisha kwenye kile kigogo, akaweka miguu yangu mapajani mwake, akaiosha, Darlene. Kila siku, baada ya kahawa ya asubuhi, kwa wiki nzima na zaidi. Alinikatia plasta vipande vidogo vya duara, akanipa soksi zake za sufu. Alinisimulia utani wa zamani, wa Krismasi ile bomba lilipopasuka, nikacheka hadi machozi. Alikuwa mtu wa kupendeza siku zote. Hilo ndilo tatizo lake, au letu.

Peremende ndiyo hiyo. Soksi.

Nilianza kujiambia kwamba Bibi mwenyewe angempa pichi. Angempa. Bibi alimlisha hata yule mtu aliyekuja kuukamata kwa deni mtambo wetu wa kupukuchulia mahindi. Niliandika barua ya kukuambia tuache, nikaichana. Nikaandika nyingine ya kukuambia siwezi, nikaiwashia moto wa jikoni.

Halafu Jumanne. Kundi la wasichana kutoka Ohio, wadogo, wawili wao wakilia kwa ajili ya nyumbani. Royce akapika. Akaanza hadithi yake ya vumbi, nami nikiwa nimevaa soksi zake. Ila safari hii akaenda mbele zaidi. Akawaambia bibi yake alitoka kwenye nyumba inayoungua na chungu mkononi, miguu mitupu. Akanyoosha kiganja chake, akachora kovu kwa kidole, palepale, kutoka kidole cha shahada kushuka. Akasema, "Nikiwa mtoto alikuwa akinishika shavu hivi, nikasikia lile kovu." Na akamshika shavu yule msichana aliyekuwa akilia.

Msichana akatulia. Hadithi ilifanya kazi. Kila mtu aliona uzuri wake.

Mimi nilikuwa nimeshika shavu langu, sijui tangu saa ngapi.

Chungu angeweza kukiita cha yeyote amtakaye, pengine ningelala. Lakini ule mkono haukumgusa yeye. Baadaye nikiwa naosha vyombo alinijia, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, hutachukia, sivyo? Ni hadithi tu, na wewe huitumii."

Nimevua soksi, nimezifua, nimezirudisha. Jioni ya kufunga ni Agosti 13.

Mdogo wako,
Lyle


La Junta, Agosti 4

Lyle,

Salamu, mdogo wangu. Kula vizuri, lala vizuri.

"Wewe huitumii." Nimeiandika hiyo kwenye ukuta wa jikoni kwa kalamu ya mkaa, jirani kashika taa.

Nakuomba moja tu. Najua desturi inataka waridi kwanza. Sema waridi lako ni punda. Sema ni milima. Usimpe yule mtu waridi, Lyle. Nakujua, utataka kumpa. Usimpe hata jani.

Dada yako


Kambi ya Ojo Frío, Agosti 15

Kwako Dada Darlene,

Nakusalimu, na naomba unisome ukiwa umekaa, gongo likiwa mbali.

Siku ile ilikuwa nzuri, mvua ilipita mapema na misonobari ikawa inanukia. Bi. Haverford alipanda na farasi, kibao kikiwa ndani ya begi la tandiko kimefungwa kitambaa. Wafanyakazi wote wa matawi yetu walishuka, wachafu na wenye furaha, wengine hawajaoga tangu wazazi wao wawaage. Royce alipika pichi mara ya mwisho. Walipiga makofi alipoinua mfuniko. Alikuwa amevaa shati safi.

Tukakaa duara. Akasoma sheria zake mbili. Ya pili aliisoma polepole, kwa ajili ya kuaga.

Zamu ilianzia kulia kwa Royce, kwa hiyo yeye angekuwa wa mwisho. Watu wachache walisema zao. Mawaridi ya kila mtu yalikuwa Royce. Royce aliyenibebea shanta, Royce aliyenisikiliza baba alipofariki. Nilijiona kama mtu aliyekuja arusini na jeneza.

Ikafika kwangu. Nikasimama, ingawa hakuna anayesimama. Vijana wakaanza kutabasamu, wakingojea Mzee Basi aseme la kuchekesha.

Nisamehe, Dada. Nilisema waridi langu ni Royce Tanner, aliyeniosha miguu. Sikuweza kusema punda. Lingekuwa uongo, na nilitaka kila neno langu jioni ile liwe limekaa kwenye kweli, lisitikisike mguu hata mmoja. Royce aliweka mkono kifuani, akaniinamishia kichwa.

Nikasema mwiba wangu ni chungu hicho. Kwamba ni cha Opal Hutchens wa La Junta, bibi yangu mimi na bibi yake Darlene, dada yangu, ambaye Royce alikuwa mumewe. Kwamba Bibi ndiye aliyetoka kwenye moto miguu mitupu, na kovu lile lilikuwa kwenye mkono wake, na shavu lilikuwa hili. Kwamba kilichukuliwa jikoni kwa dada yangu wiki aliyokuwa hospitalini akimwangalia mama yetu akifa, na alipokiulizia aliambiwa chuma ni chuma, nenda dukani. Sikupaza sauti. Bibi Opal Hutchens, nikarudia, ili jina lipande.

Royce alifungua mdomo. Nilimwona, ule mdomo wake mzuri, tayari una kitu, na kingekuwa kitu kizuri, tungecheka sote. "Sasa, shemeji," akasema.

Marisela akamtazama. Hakuwa na hasira, alishangaa tu, kama mtu aliyemwona mchungaji akitema mate kanisani. "Royce," akasema, "mwiba haujibiwi."

Akaufunga.

Tumba langu nilisema ni kwamba hadithi irudi nyumbani. Nikakaa. Nikadhani imekwisha.

Haikuwa imekwisha, na hili hata wewe hukulipanga. Marisela ndiye aliyefuata. Waridi lake lilikuwa machweo ya mlima fulani. Mwiba wake, alisema, ni ule wa Mzee Basi. Aliyefuata akasema wake pia ni huohuo. Na aliyefuata. Ukazunguka duara, mtu kwa mtu, wengine wakinong'ona, mmoja akilia, kijana ambaye Royce alimfundisha kila anachokijua. "Mwiba wangu ni huo." Mara moja ungetosha kumchoma. Nilitaka kuwaambia basi, lakini hakuna anayejibu mwiba, na mimi pia nilikuwa ndani ya duara.

Ikafika kwa Royce. Alijitazama kiganja. Akasema waridi lake ni sisi. Akasema mwiba wake umeshasemwa. Tukangoja tumba. Jua likashuka kabisa nyuma ya kilele tukiwa tunangoja, na hakuna aliyemsaidia, maana sheria hairuhusu. "Tumba sina," akasema.

Bi. Haverford hakukifungua kitambaa. Alikirudisha kibao ndani ya begi la tandiko, na jana nilimwona farasi wake akishuka nacho kikigonga ubavu.

Asubuhi chungu kilikuwa mlangoni mwa hema langu, kimesuguliwa kwa chumvi na kupakwa mafuta, na kile kijiwe bapa ndani yake. Kwenye foleni ya kahawa vijana walimpisha Royce kwa adabu, wakampa nafasi kubwa, pande zote. Nilipokuwa namfunga Seneta alinijia. Alionekana mzee. Akasema ana safari moja tu ya mwisho ya kupika, huko bondeni kwa wapishi wa ranchi, niwaachie chungu hata hadi Jumapili. Nikamwambia hapana. Akasema basi niwaachie mfuniko tu.

Nilikuwa na mengi ya kusema, na mengine yalikuwa ya upole. Nilisema, "Chuma ni chuma, shemeji. Dukani vipo."

Marisela anarudi chuoni Kansas kwa gari lake na atapita La Junta. Atakuletea mkononi. Mlishe, amekonda. Mimi nabaki hadi katikati ya Septemba kung'oa mahema.

Nilidhani itakuwa tamu. Labda utamu unafika kwa lori linalofuata. Najua nimekupa ulichokiomba na waridi ambalo hukuliomba. Usinichape.

Mdogo wako,
Lyle


La Junta, Septemba 6

Lyle mdogo wangu,

Salamu nyingi, za kweli safari hii. Nyonga imepona, nilitoka hadi barabarani bila gongo kumpokea yule mtoto. Alikishusha chungu kwa mikono miwili kana kwamba ni mtoto mchanga, akaniuliza kama anaweza kuushika mkono wangu, aone ulivyo. Nikampa. Nikamwambia wangu hauna kovu, ni mafuta ya kujipaka tu. Tulioka pichi uani, na jirani. Upande mmoja uliungua kwa sababu nilisahau kijiwe. Nilikula ule ulioungua. Mtoto alikula mwingine wote, kisha akaniimbia wimbo wa punda.

Kuhusu waridi: nilikasirika siku mbili. Halafu nikaona kuwa bila hilo angesema unamchukia, na watu wangemwamini. Kwa hiyo nimekusamehe, lakini usifanye mazoea.

Unasema utamu haujakufikia. Utamu ulikosea anwani, ukaja kwangu. Nauamkia kila asubuhi. Nimefuta ukuta wa jikoni.

Royce ananiandikia. Nilipokea barua wiki ile ile chungu kilipofika, kisha nyingine Jumamosi. Nzito, karatasi nyingi. Unamjua, sasa ana mahali pa kumalizia sentensi zake. Jirani alitaka tuzifungue kwa mvuke. Nikamwambia hapana, huo ni mwiba wake, na mwiba haujibiwi wala hausomwi.

Lakini mimi situpi kitu. Chungu nimekiweka juu ya kabati, mahali pake pa zamani, na unajua kinavyoinama upande wa Mjomba Vern. Kijiwe kile kinakwaruza mbao. Nikaikunja barua ya kwanza nikaiweka chini ya ule mguu. Haikutosha. Nikaongeza ya pili. Imebaki nafasi ndogo sana, unene wa ukucha.

Ukishuka bondeni na ukamkuta Royce, mpe salamu zangu. Mwambie aandike nyingine moja.

Dada yako,
Darlene